Dogo, usiutupe mzunguko mzima

Mdogo wangu nimeona swali lako, basi limetoka stendi Mbeya saa 2:20 asubuhi limefika Tukuyu saa 4:05, mshale wa dakika umezunguka digrii ngapi na wa saa ngapi, ukapata 270 kwa ule wa dakika ukapigwa kosa. Aisee hujaharibu sana, umeangalia ulipoanzia (kwenye 4) na ulipoishia (kwenye 1) ukasahau hapo katikati ulishamaliza duara zima mara moja, na swali linataka umezunguka kiasi gani sio umeishia wapi.

Tafuta muda kwanza, ni dakika 105. Mshale wa dakika unamaliza digrii 360 kwa dakika 60, yaani 6 kila dakika, 105 x 6 = 630. Wa saa 360 zake anazimaliza kwa masaa 12, nusu digrii kila dakika, so 52.5. Basi.

Ila wakikuuliza pembe KATI ya mishale hapo kuwa makini sana, maana saa 3:30 asubuhi yetu mshale mfupi upo kati ya 9 na 10, pembe ni 105, ukiuchora kati ya 3 na 4 unapata 75 na maksi zinaondoka. Halafu usiugandishe kwenye 9 kabisa kama watu wengi wanavyofanya, kwa hizo dakika 30 ushasogea digrii 15. Kwenye maswali ya muda kama lako la basi hilo halikusumbui, masaa 6 tunayopishana na uso wa saa yapo mwanzo na mwisho, yanajifuta yenyewe.