Homoni za jinsia au homoni za ngono?

Swali: Ninatafsiri ripoti ya maabara. Niliandika hivi: “Athari za homoni za ngono kwenye viungo vya panya. Panya za kike zilizohasiwa zilipewa estradioli na uzito wa maji wa kizazi chao uliathirika.” Mhariri amepiga mstari karibu kila neno. Nimekosea wapi?

Jibu: Nianze na *ngono*. Neno hili ni tendo la kujamiiana, basi. Estradioli (homoni kuu ya jike) na testosteroni (homoni kuu ya dume) hufanya kazi hata pale ambapo tendo hilo halimo kabisa: estradioli huulinda mfupa usipungue, na mnyama akiondolewa ovari au korodani, tezi ya thaimasi, iliyo kifuani na inayohusika na kinga ya mwili, hukua. Sema *homoni za jinsia*. Wapo wanaoandika *homoni za uzazi*, lakini hilo ni kundi pana zaidi, linalobeba pia prolaktini (ya kutengeneza maziwa) na oksitosini (ya uchungu wa kuzaa). Usilitumie kama kisawe.

*Viungo* nalo ni neno lenye mzigo mkubwa. Msomaji anaweza kuwaza goti, mkono, au hata iliki na mdalasini. Katika maandishi ya biolojia *ogani* limeshazoeleka, na ni bora zaidi kuitaja ogani yenyewe: ini, figo, mji wa mimba. *Kizazi* pia kina maana ya watu wa rika moja, na katika majaribio ya kuzalisha panya kizazi baada ya kizazi maana hizo mbili zitagongana ukurasa mmoja. Andika *mji wa mimba*.

*Kuhasi* ni kuondoa korodani. Ng’ombe dume aliyehasiwa ni maksai, jike hahasiwi. Kwa jike sema *aliyeondolewa ovari*. Pia *panya* ni mnyama, hivyo upatanisho ni wa a-/wa-: *panya walioondolewa*, si *zilizoondolewa*, ingawa mitaani utasikia hilo la pili kila siku. Na kwa wanyama, *jike* na *dume* hutosha kuliko *wa kike* na *wa kiume*.

Neno *panya* lenyewe lina tatizo ambalo mhariri wako huenda hakuliona. Kiswahili kinalitumia kwa Rattus norvegicus (panya mkubwa) na kwa Mus musculus (panya mdogo wa nyumbani) vilevile, na kwa kazi hii tofauti hiyo ni kubwa. Katika Mus musculus, kwa mfano, testosteroni hukuza figo waziwazi, hata figo za dume huwa nzito kuliko za jike. Taja jina la kisayansi mara moja mwanzoni, kisha endelea na *panya*.

Sasa *kuathirika*, ambalo ndilo linaloharibu ripoti nyingi. *Athari* kwenye kichwa cha habari haina ubaya, lakini kitenzi chake leo kimeegemea madhara: tunasema walioathirika na mafuriko. Zaidi ya hapo, hakisemi mabadiliko yalielekea wapi. Mhasi panya dume, tezi dume na vifuko vya shahawa vitasinyaa. Mdunge testosteroni, vitakua tena. Lakini mpe testosteroni hiyohiyo dume ambaye hakuhasiwa, na kwa dozi fulani korodani zake ndizo zitakazosinyaa, kwa sababu ubongo na tezi ya pituitari hupunguza homoni zinazoziamuru korodani kufanya kazi. Ukiandika “ziliathirika” kotekote, matokeo mawili yanayopingana yanasomeka kama tokeo moja. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha: iliongezeka, ilipungua, ilisinyaa, ilitanuka, ilinenepa.

Kuhusu *uzito wa maji*: hapo umeandika uzito wa maji yenyewe, na hukukusudia hivyo. Mji wa mimba wa panya una pembe mbili, na estradioli huzijaza majimaji. Kwa hiyo hupimwa mara mbili. Kwanza ukiwa na majimaji yake, na hapa mkataji akitoboa pembe moja kwa bahati mbaya kipimo kimeharibika. Kisha kila pembe hupasuliwa kwa urefu, hukandamizwa taratibu juu ya karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa kidogo, na hupimwa tena. Andika *uzito pamoja na majimaji* na *uzito baada ya kufyonzwa majimaji*.

Ukitaja uzito kwa kila gramu 100 za mwili, liseme hilo wazi. Panya aliyeondolewa ovari hula zaidi na kunenepa, kwa hiyo uwiano unaweza kushuka bila ogani yenyewe kupungua hata kidogo.

Nimechukulia kuwa jaribio lako linafuata mwongozo namba 440 wa majaribio ya mji wa mimba wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), unaodai kwa Rattus norvegicus angalau siku 14 kati ya upasuaji wa kuondoa ovari na dozi ya kwanza, na dozi za siku zisizopungua 3 mfululizo. Badilisha tarakimu kama zako ni tofauti:

“Athari za homoni za jinsia kwenye mji wa mimba wa panya (Rattus norvegicus). Majike walioondolewa ovari walisubiriwa siku 14, kisha wakadungwa estradioli chini ya ngozi kila siku kwa siku 3. Uzito wa mji wa mimba uliongezeka, pamoja na majimaji na hata baada ya kufyonzwa majimaji.”