Usiiamini Kumbukumbu Yako Ukiwa Mnarani

Wadogo zangu mnaomaliza mafunzo ya kuongoza ndege, wengi wenu mnaniuliza ni kitu gani hasa cha kuogopa mkishapanda mnarani. Mnategemea nitaje mvua kubwa, redio mbovu au rubani mkaidi. Hayo yapo, lakini yanajitangaza yenyewe. Miaka yote niliyoongoza ndege, nilichokihofia zaidi ni kusahau. Unaiweka ndege kwenye njia ya kurukia, unashughulika na jambo lingine kidogo tu, na ile ndege inafutika kichwani kabisa.

Los Angeles, jioni ya tarehe 1 Februari 1991, mwongoza ndege aliiagiza ndege ndogo ya SkyWest iingie njiani isubiri. Hapo hapo akaanza kuhangaika na ndege nyingine iliyokuwa haimjibu redioni. Boeing 737 ya USAir ikapewa ruhusa ya kutua kwenye njia ile ile, na watu 35 wakafa. Nawaomba mzingatie walichosema wachunguzi: lawama kubwa waliipeleka kwa uongozi wa mnara, ambao haukuweka kinga ya pili pale kumbukumbu ya mtu mmoja inapomtupa.

Karibu miaka 33 baadaye, tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda jijini Tokyo. Ndege ya walinzi wa pwani ilikaa njiani kama sekunde 40 bila mtu mnarani kuiona, Airbus A350 ya Japan Airlines ikatua juu yake. Abiria na wahudumu wote 379 wa A350 walitoka salama, lakini kwenye ile ndege ndogo walikufa watano kati ya sita. Skrini ilikuwa na mfumo wa kuonya kwamba njia ina ndege, ila macho yalikuwa kwingine. Baada ya ajali, Japani iliweka mtu wa kuikodolea macho skrini hiyo muda wote.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: njia ikishakaliwa, weka alama unayoweza kuishika. Mnara niliofanyia kazi muda mrefu tulikuwa na kibao chekundu cha plastiki. Gari la ukaguzi likiingia njiani, kabla hujamaliza kumjibu dereva, mkono unakuwa tayari umekiweka kibao katikati ya ubao wa stripu (vile vipande vyenye taarifa za kila ndege), juu ya kila kitu. Asubuhi moja mwenzangu alipokea zamu wakati gari liko njiani likifukuza ndege wa porini. Simu inalia, anayetoka anaaga, rubani anaita kwamba yuko maili sita. Mwenzangu akafungua mdomo atoe ruhusa ya kutua, vidole vikagonga kibao. Akamwambia rubani aendelee kukaribia ila hana ruhusa ya kutua bado, akaliita gari litoke. Ilichukua muda mfupi sana, na ndani ya ndege ile hakuna aliyejua. Kuna minara yenye vitufe na rangi kwenye kompyuta. Vitumieni, mradi visiwe vitu vya kuzoeleka machoni.

Jambo la pili, rubani anaporudia maagizo yako, usiandike wala kunyanyua simu. Masikio husikia kile yalichotarajia kusikia, hasa ndege mbili za kampuni moja zinapotofautiana tarakimu moja kwenye majina yao ya redioni. Waambie marubani wote wawili mapema kwamba kuna jina linalofanana na lao.

La tatu ni gumu kwa kijana mgeni kazini: usikubali kubaki peke yako kwa mazoea. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, ndege mbili ziligongana angani Überlingen, Ujerumani, wakafa watu 71. Kituo cha Zurich kilichoziongoza kilikuwa na mtu mmoja kazini akihudumia skrini mbili, mwenzake yuko mapumzikoni, na mafundi walikuwa wamezima laini kuu ya simu. Ukiona mafundi wanaingia na vifaa vyao, waulize nini kinazimwa na nini kinabaki, kisha mwite mwenzako arudi. Atanung'unika. Mwache anung'unike.

Na ikitokea ndege zimenusurika kugongana, toeni taarifa hata kama hakuna aliyeona. Marekani wana mfumo wa taarifa za siri unaoendeshwa na NASA tangu 1976, na majina huondolewa ili watu waseme ukweli. Najua baadhi ya vituo vyetu bado mtu akisema anaitwa ofisini kama mshitakiwa, na hilo linaniuma. Hata hivyo andika kabla hujaenda nyumbani, maana ukishalala utaanza kuipanga hadithi vizuri. Andika saa, hali ya hewa, nani alikuwa redioni, simu gani ililia, na ubao wako ulikuwa unaonyesha nini dakika ile.