Miwani ya VR kwa banda la gemu Tanga: ninunue sasa au ningoje bei ishuke?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina banda la gemu Ngamiani, Barabara ya 12, lenye PS4 mbili na TV mbili. Wateja wangu ni wanafunzi na vijana wa bodaboda, natoza shilingi 500 kwa mechi. Sasa nataka kuongeza miwani ya VR, ile inayofunika macho ukajiona uko ndani ya gemu. Nimepewa bei tatu: PSVR ya zamani ya kuunganisha na PS4 kwa 350,000, Quest 2 iliyotumika kwa 450,000, na Quest 3S mpya ya GB 128 kwa 1,300,000. Rafiki yangu ananiambia nitulie, eti zitashuka kama zilivyoshuka simu janja. Ni kweli? Na biashara hii ina maisha, au ni upepo utakaopita? Nikiona inalipa nafikiria kuagiza kumi niuze.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usingoje bei ishuke, na kumi usiagize kabisa. Nunua moja, tena ile Quest 2 iliyotumika, ikiwa itapita vipimo nitakavyokupa huko chini. Sasa nikueleze kwa nini.

Rafiki yako anafananisha vitu viwili visivyolingana. Simu janja zilishuka kwa sababu viwanda vingi vinamgombea mteja yuleyule na dunia inanunua zaidi ya bilioni moja kila mwaka. Miwani ya VR ina watengenezaji wachache, na bei ya chini kabisa sokoni inapangwa kwa kiasi kikubwa na kampuni moja, Meta, wenye Quest. Tazama ilivyokwenda. Mwaka 2016 Oculus Rift ilitoka kwa dola 599 na HTC Vive kwa dola 799, na zote mbili zilidai kompyuta yenye nguvu pembeni. Mwaka huohuo Sony wakatoa PSVR kwa dola 399 kwa mwenye PS4. Mwaka 2019 ikaja Quest ya kwanza, inayojitegemea bila kompyuta wala waya, kwa dola 399. Oktoba 2020 Quest 2 ikatoka kwa dola 299. Mpaka hapo rafiki yako angekuwa sahihi, bei ilikuwa inateremka kila toleo.

Lakini Agosti 2022 Meta walipandisha Quest 2 ileile kwa dola 100 nzima, wakisema gharama za kutengeneza na kusafirisha zimepanda. Mwaka uliofuata wakairudisha 299. Quest 3 ilipotoka Oktoba 2023 ilianzia dola 499, na Quest 3S ya Oktoba 2024, ambayo ndiyo toleo la bei nafuu, ilianzia palepale dola 299. Kwa hiyo tangu 2020 sakafu ya bei ya miwani mpya inayojitegemea imezunguka dola 300. Modeli moja moja hushuka mrithi wake anapofika, ila sakafu yenyewe haijateremka kama ya simu.

Na hiyo sakafu imeshikiliwa kwa pesa ya mtu. Kitengo cha Meta kinachoshughulikia miwani hii, Reality Labs, kilipata hasara ya dola bilioni 16.1 mwaka 2023 na bilioni 17.7 mwaka 2024. Hasara hiyo haitokani na miwani ya gemu peke yake, mna utafiti mwingi ndani yake, lakini inakuonyesha kwamba bei unayoiona dukani imepangwa kukuvuta uingie, kisha kampuni ichukue asilimia 30 kwa kila gemu inayouzwa kwenye duka lake. Apple, wasiopunguza bei kwa mtindo huo, walitoa Vision Pro Februari 2024 kwa dola 3,499. Aliyezoea kutoa ruzuku akichoka, bei inapanda. Kumtegemea aendelee kuipunguza ili wewe wa Barabara ya 12 unufaike ni kuweka mtaji wako kwenye uamuzi wa mtu aliye mbali sana nawe.

Hata bei ya huko nje ikishuka, kwetu kuna hesabu nyingine kabla kifaa hakijafika Tanga. Chukua Quest 3S kwa dola 300, na dola moja tuiweke shilingi 2,600 kwa urahisi: ni 780,000. Weka 80,000 ya usafiri na bima, inafika 860,000. Ikiwekwa kundi la mashine za gemu, ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki ni asilimia 25, yaani 215,000, tupo 1,075,000. Kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo, si juu ya bei ya dukani tu: 193,500. Jumla 1,268,500, kabla ya ada ndogondogo na ujira wa wakala. Ikiwekwa kundi lisilo na ushuru, VAT peke yake inaifikisha 1,014,800. Swali la kundi gani muulize wakala wa forodha kabla ya kulipa chochote, maana tofauti ni zaidi ya laki mbili na nusu. Kwa hiyo anayekuuzia mpya kwa 1,300,000 na kukupa risiti ya EFD hajakuibia, bei yake ni ya haki. Anayekuuzia mpya kwa laki nane ndiye wa kumuuliza maswali.

Bei ya haki hata hivyo haitoshi kukufanya ununue. Kila miwani utakayochukua iongezee kama 150,000 za vifaa: kava la silikoni la uso, pawabenki, betri za AA za kuchaji kwa ajili ya vishikio vya mkononi, na ruta ndogo ya Wi-Fi. Tuseme unatoza 1,000 kwa dakika tano. Quest 3S inahitaji wateja 1,450 ili irudishe pesa yake tu, bado kodi ya banda na umeme. Quest 2 inahitaji wateja 600. Mteja wa dakika tano anakula dakika karibu kumi za saa yako, maana kuna kumvalisha, kumkaza mikanda, kumwelekeza vitufe asivyoviona, na kufuta jasho baada yake. Saa iliyojaa kabisa ina wateja sita.

Hapa ndipo hofu yangu ilipo kubwa kuliko kwenye bei. Banda lako linaishi kwa ubishi. Wawili wanacheza, wanane wamesimama nyuma wanatoa ushauri, aliyefungwa anataka marudiano, na shilingi 500 nyingine inatoka. Miwani ya VR inamfunika mmoja, wengine hawaoni kitu, na yeye akivua ameshaona alichotaka kuona. Wengi huijaribu mara moja, wakasifu, wakarudi kwenye mpira. Ndiyo maana hiyo ruta si ya hiari: rusha picha ya miwani kwenye TV ili watu wote waone anachokiona mchezaji, na chagua gemu yenye pointi, ile ya kukata visanduku kwa mdundo wa muziki au ya ngumi, uandike ukutani alama ya juu ya wiki. Ubishi ukirudi, mteja naye anarudi.

Gemu za kusimama mahali pamoja zina faida ya pili. Kichefuchefu cha VR kinatokea macho yakiambiwa mwili unakimbia huku sikio la ndani, linalosimamia mizani ya mwili, likijua umesimama. Gemu za kukimbia kwa kijiti zinawatapisha wageni. Mteja wa kwanza akitapika mbele ya wenzake, wiki nzima hutauza. Na watoto wadogo wakatae: Meta wameweka umri wa chini miaka 10, tena kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi.

Sasa pima banda. Unahitaji mita mbili kwa mbili zilizo wazi, bila benchi wala waya wa pedi. Kisha tazama juu. Mabanda mengi ya Ngamiani yana dari ya chini na pangaboi katikati, na mchezaji wa VR hunyanyua mikono kwa nguvu asione chochote. Pangaboi lililo usawa wa mkono ulionyooshwa lizime au lihamishe, weka feni ya ukutani. Feni yenyewe huwezi kuikwepa, kwani wakati wa kaskazi jasho la uso linaloanisha sponji na ukungu unatanda kwenye lenzi. Vua sponji, weka kava la silikoni, lifute kila baada ya mteja. Lenzi zenyewe usizipake spiriti hata kidogo, kitambaa kikavu cha miwani kinatosha. Spiriti inakula tabaka la juu na picha inabaki na ukungu wa kudumu. Wasichana wenye ushungi waombe wahamishe pini za pembeni kabla ya kuvaa mikanda. Pini moja ikikwaruza lenzi hakuna fundi wa kuirudisha, nami ni mmoja wa hao mafundi.

Jua ndilo adui mkubwa zaidi. Lenzi za VR hukusanya mwanga kama kioo cha kukuza, na miwani ikiachwa imeelekea jua hata kwa muda mfupi, skrini ya ndani inaungua. Kama mlango wa banda unapokea jua la alasiri, miwani isiyotumika ikae ndani ya begi lake.

Mapato mazuri nayaona kwingine kabisa. Miwani hii haina waya, inabebeka. Kwenye banda unawauzia vijana walewale kila siku, lakini siku za Idd, watoto wakiwa na hela za sikukuu mfukoni na familia zimejaa ufukweni Raskazone, kila uso ni mgeni na kila mtu ni mara yake ya kwanza. Huko upungufu wa VR unageuka kuwa faida. Beba pawabenki, maana betri ya Quest inakaa saa mbili hadi tatu, fanya kazi baada ya magharibi chini ya taa nzuri au ndani ya hema lenye kivuli, kwani jua kali linazichanganya kamera zinazofuatilia mikono, na giza pia linazipofusha.

Kuhusu maisha ya soko: litaendelea kuwepo, ila litabaki dogo. Sony walitangaza kuuza PSVR milioni 5 kufikia mwanzo wa 2020, wakati PS4 zilikuwa zimepita milioni 100. Kwenye Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, wenye miwani ya VR kwa kawaida wamekuwa chini ya asilimia 3 ya watumiaji. Na hao ni watu wa nchi ambako bei ni ya dola tupu bila hesabu niliyokupigia hapo juu. Wanunuzi wa Tanga watahesabika kwa vidole, na ndiyo sababu nimekukataza kumi. Septemba 2024 Quest 3 ya GB 512 ilishushwa kutoka dola 649 hadi 499 kwa tangazo la siku moja. Mwenye kumi stoo alipoteza dola 1,500 za thamani bila kuuza hata moja. Kwa sababu hiyohiyo, ukija kununua mpya epuka Agosti na Septemba. Quest 2, Quest 3 na Quest 3S zote zilitoka Oktoba.

PSVR ya 350,000 iache. Inafanya kazi na PS4 yako, ni kweli, lakini ina waya mrefu, kisanduku chake cha pembeni na kamera yake, na kila ikitumika PS4 moja na TV moja vimesimama kuchezesha mpira. PSVR2 usiiangalie, haifanyi kazi na PS4. Quest 3S ni bora kuliko Quest 2 kwa kasi, na gemu mpya kama Batman: Arkham Shadow zinacheza kwenye Quest 3 na 3S tu. Mteja wa dakika tano hataijua tofauti hiyo, wewe mfuko wako utaijua. Quest 2 ichukue kama kifaa cha kutumika mwaka mmoja kikaisha, usitegemee kuiuza baadaye.

Gemu unazonunua kwa akaunti yako ni za matumizi binafsi. Kutoza watu kunataka leseni ya biashara. Yapo majukwaa kama SynthesisVR yanayotoa gemu kwa kumbi za michezo ukilipa kadiri zinavyochezwa. Hakikisha kwanza gemu unayoitaka imo, maana baadhi ya zile maarufu hazimo.

Kwa huyo wa Quest 2, nenda na simu yenye bando. Mwambie aiwashe mbele yako na uifungue ukurasa mweupe: ukiona doa la njano au mstari katikati, imeungua jua, ondoka. Isogeze lenzi kwenye nafasi zote tatu za upana wa macho, ziingie kwa mlio. Shika vishikio, achia vijiti, uangalie kama mshale unatembea wenyewe. Ikiwa na chaji kamili, iache ikicheza nusu saa huku mnazungumza, chaji isishuke chini ya asilimia 75. Halafu mwambie aiondoe kwenye akaunti yake, airudishe kama ya kiwandani, na wewe uiunganishe na akaunti yako ukiwa hapohapo. Tanzania haimo kwenye nchi ambazo Meta wanauza rasmi, hivyo hakuna wa kumpelekea malalamiko ikigoma kujisajili ukiwa umeshafika nyumbani. Ikikubali jina lako, mhesabie pesa yake.