Ilimba kwanza, kinanda baadaye

Ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ikiingia studio hapa Dar es Salaam, iwe Sinza, Temeke au Mbagala, mara nyingi hukuta biti imeshapikwa. Prodyuza anagusa kodi mbili tatu (noti kadhaa kwa pamoja) kwenye kinanda, anasikiliza, anatoa hukumu: ilimba haiko kwenye tyuni. Mpigaji anaombwa asogeze vyuma vyake, au sauti inarekodiwa kisha inanyooshwa kwa plagini, programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu ya muziki. Kinachotoka hapo kinalingana na kinanda, lakini kile kilichofanya ilimba iitwe ilimba kimeondoka. Ushauri wangu ni kinyume cha hapo. Pima ilimba, halafu kifanye kinanda kiifuate. Programu za muziki zinaweza kazi hiyo, na nyingine ni za bure kabisa.

Chanzo cha mgongano kiko kwenye kinanda. Oktavi yake, yaani kutoka do hadi do ya juu, ina senti 1200 (senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya noti), zimegawanywa kwenye hatua 12 zilizo sawa, kila moja senti 100. Mgawanyo huo unakuwezesha kupiga wimbo kwenye ufunguo wowote bila kutyuni upya, na faida hiyo ni kubwa. Gharama yake ni kwamba, ukiacha oktavi, hakuna umbali ulio safi. So ya kinanda iko chini kwa senti 2 tu, hakuna anayelalamika. Mi iko juu kwa karibu senti 14. Ndiyo maana kwaya nzuri ikiimba solfa bila kinanda, mi ya kodi hushuka kidogo kuelekea senti 386, kisha kinanda kikirudi kila mtu anahisi kuna kitu kimekaza.

Kwa ilimba ya Wagogo wa Dodoma, ambayo wengi tuliifahamu kupitia hayati Hukwe Zawose, tofauti ni kubwa zaidi. Ngazi yake hujengwa juu ya hamoniki, yaani sauti zilizo mara mbili, mara tatu na kuendelea za sauti moja ya chini, kuanzia ya 4 hadi ya 9. Tuseme do ya ilimba iliyo mbele yako imepimwa 218 Hz. Mi itakuwa 272.5, so 327, noti ya saba 381.5, do ya juu 436, na re iliyo juu yake 490.5. Sasa anza kwenye do hiyohiyo ya 218 ukiwa na kinanda: mi inatoka 274.7 na noti ya saba, ile ya bemoli, inatoka 388.4. Zipige pamoja. Mi mbili zitatetemeka kama mara 2 kwa sekunde, jambo linalovumilika. Noti za saba zitatetemeka karibu mara 7 kwa sekunde, na hapo ndipo prodyuza anapokunja uso. Umbali ni senti 31, karibu theluthi ya hatua nzima ya kinanda. Noti hiyo haijaharibika. Ndiyo roho ya muziki wenyewe, na ukiinyoosha umeua wimbo.

Kupima

Usitumie mfano wa hesabu niliotoa hapo juu kana kwamba ndio ilimba yako. Kila fundi na kila mpigaji ana masikio yake, na tofauti ya senti 5 hadi 10 kutoka kwenye hamoniki kamili inaweza kuwa imewekwa kwa makusudi. Pima kila chuma.

Weka maikrofoni sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye ala, rekodi kwa 48 kHz. Funika vyuma vingine kwa kitambaa laini, kwa sababu ilimba ina vyuma vingi visivyopigwa ambavyo huitikia vyenyewe, na vitachafua kipimo. Piga chuma kimoja kwa nguvu ya kawaida ya mpigaji, kiache kife chenyewe, rudia mara tatu nne. Unapopima, ruka sehemu ya kumi ya sekunde ya mwanzo. Pigo linapoanza sauti huwa bado haijatulia.

Kwa kusoma namba, napendelea Praat, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaisimu lakini inayopima sauti fupi vizuri sana. Audacity nayo inafaa, ila elewa mpaka wake: ukichora spektra kwa ukubwa wa 65536 kwenye rekodi ya 48 kHz, hatua moja ya kipimo ni kama 0.73 Hz, na unahitaji sekunde 1.4 za sauti. Kwenye 218 Hz hatua hiyo ni karibu senti 6. Programu ya tyuna ya simu inatosha pia, mradi ionyeshe Hz pamoja na desimali moja. Zile zinazoonyesha herufi na taa ya kijani tu ziache.

Angalia kitu kimoja kinachopoteza watu. Chuma kilichobanwa upande mmoja hakitoi hamoniki za kawaida kama uzi. Sauti yake ya pili iko karibu mara 6.3 ya sauti ya msingi. Tyuna nyingine hushika hiyo badala ya msingi na kukupa noti isiyoeleweka. Ukiona namba ya ajabu, igawe kwa 6.3 kabla ya kumlaumu mpigaji.

Ukishapata Hz, zigeuze kuwa senti. Kwenye Excel, do ikiwa B1, andika =1200*LOG(B2/B$1,2) na ushushe fomula. Kwa 272.5 juu ya 218 utapata 386.3. Ikiwa kompyuta yako inatumia mkato kwa desimali, weka nukta-mkato badala ya mkato ndani ya fomula.

Kuandika faili

Aina ya faili inayoeleweka na programu nyingi ni .scl, iliyoanzishwa na programu ya Scala. Ni maandishi matupu, yaandike kwenye Notepad:

! ilimba.scl
Ilimba, do 218 Hz
5
203.9
386.3
702.0
968.8
1200.0

Mstari wenye alama ya mshangao hausomwi. Unafuata mstari wa maelezo, kisha idadi ya noti, kisha noti zenyewe. Do haiandikwi kwa sababu inaeleweka, na mstari wa mwisho ndio oktavi. Kama oktavi ya ilimba yako imepimwa 1204, andika 1204.0 wala usiinyooshe.

Sasa makosa. La kwanza, ambalo hutokea kila mara: kuandika 386 bila nukta. Faili hii husoma namba yenye nukta kama senti, na isiyo na nukta kama uwiano. Kwa hiyo 386 inasomwa kuwa mara 386 ya do, na kinanda kitapiga mluzi au kunyamaza. Andika 386.0, au tumia uwiano wenyewe, 5/4. La pili ni idadi isiyolingana na mistari. La tatu ni kuhifadhi kwa Word badala ya maandishi matupu.

Faili hiyo peke yake haitoshi. Ukiipakia hivyo, vitufe vitano vinavyofuatana vitakuwa oktavi moja, na mpiga kinanda atapotea. Unahitaji faili ya pili, .kbm, inayosema kitufe gani kinapiga noti gani. Mistari yake kwa mfano wetu ni hii: 12, 0, 127, 57, 57, 218.0, 5, kisha 0 x 1 x 2 x x 3 x x 4 x, kila kimoja kwenye mstari wake. Maana yake: mpangilio unajirudia kila vitufe 12, unahusu vitufe vyote kuanzia 0 hadi 127, unaanzia kitufe namba 57, kitufe hichohicho 57 kinapiga 218 Hz, oktavi ni noti ya 5 ya ngazi. Herufi x ni kitufe kisicho na sauti. Hivyo la (A) ya kinanda inakuwa do ya ilimba, na mpigaji anacheza la, si, do diyesi, mi na sol za kinanda kama kawaida yake.

Tumia namba ya kitufe, kamwe usitegemee jina. Kitufe namba 60 kinaitwa C3 kwenye Ableton Live na Cubase, C4 kwenye programu nyingine nyingi, na C5 kwenye FL Studio. Ukiongozwa na jina utakosea oktavi nzima.

Wapi pa kupakia

Surge XT ni sintesaiza ya bure na inasoma faili zote mbili; ziburute tu mpaka juu ya dirisha lake. Pianoteq pia inasoma .scl. Ableton Live imeweka mifumo ya tyuni ndani ya programu yenyewe tangu toleo la 12, mwaka 2024. Logic Pro ina sehemu ya tyuni kwenye mipangilio ya mradi, ambapo unaingiza senti za kuongeza au kupunguza kwa kila noti kati ya 12, lakini vinanda vinavyotii ni vyake vyenyewe, si kila plagini ya nje.

Kwa watu wa FL Studio, ambao ndio wengi hapa mjini: kila noti kwenye piano roll ina kipimo chake cha kusogeza sauti, ila husogea kwa hatua za senti 10 na hufanya kazi kwenye vinanda vya FL vyenyewe. Noti ya saba utaikaribia kwa −30, mi utachagua kati ya −10 na −20. Kwa demo sawa. Kwa kazi ya kuuza, fungua Surge XT ndani ya FL na upakie faili.

Plagini isipokubali faili yoyote, njia iliyobaki ni gurudumu la kupindisha sauti. Kila noti ya ngazi ipe chaneli yake ya MIDI (lugha ya amri ambayo kinanda huitumia kuzungumza na kompyuta) na thamani isiyobadilika. Kwa upana wa kawaida wa nusu-toni 2 kila upande, senti 1 ni hatua 40.96, hivyo re ni +160, mi −561, so +80, noti ya saba −1277. Plagini nzima ishushe senti 16 ili la iwe 218. Hakikisha upana wa gurudumu: ukiwa umewekwa nusu-toni 12, mi itashuka senti 82 badala ya 14.

Waliobaki studio

Gitaa la kawaida lina vikato vilivyowekwa kwa mgawanyo wa kinanda, halitafuata ngazi hii yote. Weka tyuna yake kwenye 436 badala ya 440, kisha mwambie mpigaji akae kwenye do, re na so, ambazo tofauti yake haizidi senti 4. Mi na noti ya saba amwachie mwenye ilimba. Mpiga besi vilevile.

Sauti za waimbaji usizipitishe kwenye plagini ya kunyoosha iliyowekwa noti 12. Hata ukiiweka 436, itavuta noti ya saba senti 31 juu kila anapoifikia, na mwimbaji ataonekana kakosea wakati yuko sawa. Izime, nyoosha kwa mkono palipo na haja tu.

Usihamishe MIDI nusu-toni juu kwa ajili ya mwimbaji. Vitufe vitaangukia kwenye x. Badilisha 218.0 kwenye .kbm, na ukumbuke kwamba ilimba halisi yenyewe haihami.

Joto la Dar nalo lina neno. Filimbi iliyopimwa kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 24, ikipigwa nje kwenye nyuzi 32, hupanda kama senti 23, kwa sababu sauti husafiri haraka zaidi kwenye hewa ya moto. Iache ala izoee chumba, na pima tena baada ya kurekodi.

Kwa taarab utaratibu ni huohuo, ila usipakie faili ya kwanza unayoikuta mtandaoni yenye jina Rast, moja ya ngazi za muziki wa Kiarabu na Kituruki. Noti ya tatu ya Rast kwa nadharia ya Waturuki iko karibu na senti 384; kwa Wamisri inashuka kuelekea 350. Kuweka −50 kwenye kinanda kwa sababu tu kinanda kina kitufe cha robo-toni si jibu. Msikilize mpiga kanuni (ala ya nyuzi nyingi) au fidla wa kundi lenyewe, pima noti yake, andika hiyo.

Kabla ya kupeleka mradi studio nyingine kwa ajili ya kumiksi, geuza kila kinanda ulichokityuni kuwa audio. Kompyuta ya pili isipokuwa na faili zako, au plagini ya MTS-ESP inayosambaza tyuni ikakosekana, kila kitu kitarudi kwenye hatua 12 bila onyo lolote, na fundi wa kumiksi hatajua kwamba hakupaswa kusikia hivyo. Faili za .scl na .kbm ziweke kwenye folda hiyohiyo ya mradi, na jina la kila audio liwe na Hz ya do: ilimba_do218, besi_do218.