Muulize Mama Fundi: Laptopu imegoma kuwaka, niifute?

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Laptopu yangu ya Linux tangu juzi haifiki hata pale pa kuingiza jina. Nembo inatokea, skrini inakuwa nyeusi, inahesabu sekunde mpaka dakika moja na nusu, kisha inaandika "You are in emergency mode" na kuomba paswedi ya root. Wiki iliyopita niliiwekea diski ya nje yenye picha ili ijiunge yenyewe kila ninapowasha, ikafanya kazi vizuri. Sasa diski hiyo anayo kaka. Rafiki ananishauri nifute kila kitu nianze upya, ila ripoti yangu ya mafunzo imo humo na sina nakala. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifute chochote. Ripoti yako iko salama, na ninavyoona kilichoiangusha mashine yako ni mstari mmoja wa maandishi.

Tazama imefika wapi. Kama GRUB, programu ya kwanza inayoanzisha mfumo, ingekuwa imeharibika, ungeona "grub rescue". Kama kerneli, yaani kiini cha Linux, ingekosa sehemu ya diski yenye mfumo, ungeachwa kwenye "initramfs". Yako imevuka hatua zote hizo, systemd, programu inayowasha huduma na diski zote, ikashika kazi, ndipo ikakwama. Na ile dakika moja na nusu uliyoitaja ndiyo iliyonionyesha njia, maana sekunde 90 ndio muda wa kawaida ambao systemd hukingoja kifaa kilichoandikwa kwenye faili la /etc/fstab, yaani orodha ya diski za kuunganisha mashine inapowaka. Inaingoja diski aliyonayo kaka yako. Isipoiona, inakataa kuendelea.

Kwa kuwa huna nakala, mimi ningeanza na ripoti. Azima kompyuta nyingine, tengeneza flashi ya Linux, washa laptopu yako kwa flashi hiyo bila kusakinisha kitu, kisha nakili ripoti kwenye flashi ya pili. Najua una haraka, lakini nina sababu ya kulisisitiza hili. Miaka mingi nyuma, nikiwa bado najifunza kazi, nililetewa kompyuta yenye dalili hizi hizi, nikaifuta bila kuuliza. Mwenyewe alikuwa amehifadhi humo sauti ya marehemu mama yake. Miezi kadhaa baadaye mashine yangu ikagoma vilevile, safari hii nikaisoma skrini, nikakuta ni mstari mmoja tu. Uso wa yule bwana sijausahau.

Ukishanakili, washa laptopu kwa kawaida. Kwenye emergency mode andika paswedi ya root, akaunti kuu ya mfumo (herufi hazitaonekana unapoandika, usishtuke). Kwanza hakikisha nimesema kweli: andika journalctl -xb ufungue kumbukumbu za uwashaji huu, bonyeza herufi kubwa G ushuke chini kabisa, kisha panda taratibu ukitafuta "Timed out waiting for device". Ukiliona, bonyeza q utoke, halafu andika nano /etc/fstab ulifungue faili lile. Utakuta mistari michache, na mmoja utafanana na huu:

UUID=(herufi na tarakimu nyingi) /mnt/picha ext4 defaults 0 2

Huo ndio wa diski ya kaka. Weka alama ya reli, #, mwanzoni mwake, na mfumo utauruka. Mstari wenye / peke yake usiuguse, wala wa /boot/efi. Hifadhi kwa Ctrl+O na Enter, toka kwa Ctrl+X, kisha andika reboot. Faili likikataa kuhifadhiwa, toka, andika mount -o remount,rw / halafu urudie.

Baadhi ya mifumo haina paswedi ya root kabisa, na itakuambia akaunti hiyo imefungwa. Hapo rudi kwenye flashi: lsblk -f itakuonyesha sehemu yenye mfumo wako, iunganishe kwenye /mnt kwa sudo mount, kisha rekebisha /mnt/etc/fstab. Angalia hiyo /mnt ya mbele, kwa sababu ukiisahau utakuwa unarekebisha faili la flashi yenyewe.

Diski ikirudi, iondoe ile alama, na pale palipoandikwa defaults andika defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=5s bila kuacha nafasi katikati. Neno nofail ndilo lililokosekana tangu mwanzo: linauambia mfumo uendelee kuwaka hata diski isipokuwepo. Kabla ya kuzima, andika sudo findmnt --verify ili faili likaguliwe ungali ndani. Mimi sigusi fstab siku hizi bila kumaliza na amri hiyo.

Ikikataa bado, piga picha ya skrini ya journalctl, mistari myekundu ionekane yote, unitumie.