Jibu: Mpelelezi anataka nikae naye kwenye mahojiano

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: wewe ni wakili wa serikali, unashauri wapelelezi na pia unawapa watumishi ushauri wa maadili. Sasa mpelelezi anataka ukae naye akimhoji mtumishi ambaye mwezi uliopita alikuja kwako kuulizia zawadi aliyopewa na mkandarasi.

Kwanza kabisa, kumbuka ulimwambia nini siku ile. Alijua kwamba mteja wako ni taasisi, si yeye? Kama hukumweleza, huenda alifunguka akidhani ni siri yenu wawili, na hapo ndipo kesi nzuri huharibika. Mimi yalinikuta. Siku hiyohiyo nilimwandikia mkuu wangu nikaomba jalada apewe mwenzangu. Yale niliyoyaandika kwenye mazungumzo niliyafungia. Mpelelezi sikumdokezea hata kwa mdomo mpaka wakubwa walipoamua nini kitolewe.

Na hata kama usingekuwa umemshauri, chumbani usiingie. Ukishuhudia mahojiano unaweza kuitwa shahidi, na shahidi kwa kawaida haruhusiwi kuiendesha kesi hiyohiyo kama wakili. Mpelelezi atanuna (hununa sana, utazoea).

Kwenye majalada yasiyo na mgongano wa maslahi, msaidie kupanga maswali, mkumbushe kumweleza mtuhumiwa haki zake, kisha kaa ofisini akupigie akikwama. Na unachomshauri kiandike, tarehe ikiwemo. Akipata ushahidi unaomsafisha mtuhumiwa, nao uingie kwenye jalada, apende asipende.