Wasomaji wanauliza: retikali gani kwa shabaha ya mbali?

Safari hii barua zote tatu ni za skopu, yaani darubini ya kulengea ya bunduki, na retikali, ile michoro ya kulengea unayoiona ndani yake, nimezijibu kwa mpangilio zilivyoingia. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu naona wengi mnaulizana hilo hilo.

SWALI: Jambo mwalimu. Mimi ni mwanajeshi mstaafu, niko Arua. Jeshini nilizoea ile skopu ya Kirusi ya Dragunov, sasa nimeingia shabaha ya mchezo na nina bunduki ya bolti ya kipimo cha .308, mwakani Mungu akijalia nataka kwenda kushindana Afrika Kusini. Mpwa wangu yuko kyeyo (kibarua cha ughaibuni) Marekani, amesema ataninunulia skopu nimwambie tu gani, akanitumia picha za retikali kama kumi, nyingine msalaba mtupu na nyingine zimejaa vinukta na namba mpaka macho yanauma. Yeye anasema yenye alama nyingi ndiyo ya mabingwa. Nichukue gani, na hii mili na MOA vinatofautiana nini? – Mstaafu, Arua

JIBU: Jambo afande. Mwambie mpwa asilipe bado, maana hujaniambia unakwenda kushindana mchezo upi, na jibu lote linakaa hapo. Ukisema Afrika Kusini mimi nawaza mambo mawili. Kuna F-Class, ile ya kulala chini unapiga karatasi yenye miduara, umbali unaujua kabla hujatoka nyumbani, na pale Bloemfontein wana uwanja wa General de Wet unaofahamika sana kwa hiyo kazi. Halafu kuna hii ya kisasa ya sahani za chuma, mtindo wa PRS (Precision Rifle Series), unapewa sekunde 90 au 120, unapanda juu ya tairi au ngazi, unapiga sahani ya mita 400 kisha 730 kisha unarudi 550, huku spota, yule anayekutazamia risasi inatua wapi, anapiga kelele nyuma yako. Retikali nzuri ya mchezo mmoja inaweza kukuudhi vibaya kwenye ule mwingine.

Tuanze na F-Class kwa sababu .308 yako inaingia moja kwa moja kwenye daraja la F-TR, ambalo linaruhusu .308 na .223 basi, na bunduki nzima pamoja na skopu na bipodi (miguu miwili ya mbele) isizidi kilo 8.25, kwa hiyo mpwa asikuletee skopu nzito kama tofali ukafika kwenye mzani ukaanza kufungua bipodi. (Hiyo F, kwa wasiojua, ni ya George Farquharson, Mkanada aliyeuanzisha mchezo wakati macho ya wazee yamechoka kulenga kwa saiti za chuma.) Kwenye yadi 1,000 duara la katikati kabisa ni nusu MOA (kipimo cha pembe, nakifafanua hapo chini), takriban sentimita 13, na linalofuata ni MOA moja, kama sentimita 25. Sasa fikiria mstari wa msalaba wenye unene wa robo MOA, peke yake umekula nusu ya duara la katikati, unalenga kitu usichokiona. Ndiyo maana hawa watu wanapenda mstari mwembamba sana na kinukta cha moja ya nane ya MOA katikati, ambacho kwa umbali ule kinafunika sentimita 3 na kidogo tu, na alama chache za pembeni za upepo. Miti ya vinukta huko chini hawaitaki. Umbali haubadiliki, ukishazungusha tareti, kile kitufe cha kurekebishia skopu, umemaliza habari ya juu na chini, kilichobaki ni upepo peke yake. Na kwa mchezo huu MOA ina maana, kwa sababu miduara yenyewe imepimwa kwa MOA, risasi ikitua duara moja nje unajua hapo hapo urekebishe kiasi gani.

Kwenye sahani za chuma mambo yanageuka. Pale mimi sina mjadala, chukua mili, FFP (retikali inakua na kupungua pamoja na zumu), na alama za pembeni zilizogawanywa kila mili 0.2. Mili moja ni sehemu moja ya elfu ya umbali, usiichanganye na milimita: mita 100 ni sentimita 10, mita 1,000 ni mita moja kamili, na kliki (hatua moja ya tareti) ya mili 0.1 kwa mita 100 ni sentimita 1. MOA ni moja ya sitini ya digrii, kwa mita 100 inatoka sentimita 2.9, kliki yake ya robo ni milimita 7 na kidogo. Ukiangalia hizo kliki unaona hakuna aliyemzidi mwenzake kwa maana, tofauti ni lugha. Sisi tumesoma shule kwa mita, na kwenye mstari wa kupigia jirani yako na spota wote wanasema mili, sasa wewe uanze kugawanya kwa 3.44 kichwani wakati saa inakimbia, ya nini? Kitu kimoja ambacho sitaki nisikie afande, ni skopu yenye retikali ya mili na tareti ya MOA. Zipo, za zamani nyingi ziko hivyo, na zinauzwa bei ya kutupa, ziache huko huko.

Wewe una bahati kuliko unavyofikiri. Ile PSO-1 ya Dragunov ina mstari wa alama pembeni, hatua moja ni elfu ya Kirusi, yaani duara limegawanywa mara 6,000, na mili ya skopu za leo duara zima ni kama 6,283, tofauti haifiki asilimia 5. Kwa hiyo jicho lako limeshazoea kusema "nimekosa mbili kulia" na kulenga mbili kushoto bila kugusa tareti, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Zile alama tatu za chini zenye umbo la paa, za mita 1,100, 1,200 na 1,300, zisahau, zilipangwa kwa risasi ya Dragunov yenyewe, na ile mistari ya kupimia mtu wa mita 1.7 haina kazi kwenye mashindano, umbali unatangazwa au unapima kwa leza.

Sasa hiyo habari ya mpwa kwamba alama nyingi ndio ubingwa. Kuna retikali za mti, chini ya msalaba zinafunguka kama mti wa Krismasi, ukizijaza zaidi zinakuwa neti ya mbu kabisa, kampuni ya Horus wamezishughulikia sana hizo. Faida yake ipo, siikatai: unaweza kulenga chini na pembeni kwa wakati mmoja bila kuzungusha kitu, mita 400 halafu 730 halafu 550 na mkono haujatoka kwenye triga. Ila jiulize utaona nini ukikosa. Risasi inapiga udongo karibu na sahani, kavumbi kanainuka sekunde moja hivi kanaondoka na upepo, na hapo ndipo unapata jibu lote, kako mili 0.4 kulia, unahama 0.4 kushoto unapiga tena. Kama kavumbi kameangukia katikati ya vinukta mia na namba zake hukaoni, au unakaona halafu unapoteza mstari gani ulikuwa unahesabu. Mimi nazungusha tareti kwa umbali na kulenga pembeni kwa upepo, nataka mti mwepesi wa kunisaidia siku ya haraka, katikati pawe na nukta inayoelea peke yake na nafasi tupu kuizunguka. MIL-XT ya Nightforce iko karibu na hivyo, EBR-7C ya Vortex pia, na wengine wengi wana za kufanana, usifunge ndoa na jina.

Na kwa nini nasisitiza pembeni kuliko chini? Umbali unapimwa, upepo unakisiwa. Risasi ya .308 yenye uzito wa greni 175 (gramu 11 na kidogo) ikifika mita 900, upepo wa mita 4 hadi 5 kwa sekunde unaokata ubavuni unaisogeza karibu mita 2. Ukikosea upepo kwa mita moja tu kwa sekunde, na hiyo ni kosa la kawaida kwa mtu yeyote, umehama kama sentimita 45, sahani umeikosa. Upepo ukija kwa pembe ya digrii 30 kutoka mbele hesabu nusu yake. Kwa hiyo ukipewa picha kumi za mpwa, funika kwa kidole kila kitu cha chini halafu angalia ule mstari wa kulala tu, unaweza kusoma 0.6 na 1.4 bila kuhesabu kuanzia katikati? Kama hapana, iweke pembeni.

Taa ya ndani ni nzuri alfajiri na kwenye shabaha nyeusi, usiilipie pesa nyingi. Na kabla pesa haijatoka, pita polisi Naguru uulize taratibu za kuingiza skopu, vitu vya bunduki havipendi kufika uwanja wa ndege Entebbe bila maelezo.

SWALI: Mwalimu, mimi skopu yangu inakuza mara 5 hadi 25. Nikiweka 25 alama za retikali zinakubali kabisa, lakini saa sita mchana joto likipanda picha inachemka, nashusha hadi 12 na nusu hivi, hapo nakosa tena kwa mbali, mita 600 nimekwenda pembeni zaidi ya nusu mita. Bunduki imeharibika? – Dada wa Mbarara

JIBU: Bunduki nzima dada yangu, haina shida. Skopu yako ni SFP, retikali inakaa nyuma ya zumu, kwa hiyo ukivuta au kurudisha, shabaha inakua na kupungua ila alama zinabaki ukubwa ule ule machoni. Waliotengeneza wamezipima kwa 25 tu. Ukishuka 12.5, ambayo ni nusu, kila alama inakuwa mara mbili, ile unayoiita mili moja sasa ni mili mbili. Upepo ulitaka mili 1, kwa mita 600 hiyo ni sentimita 60, wewe ukalenga alama ya kwanza ukaipa sentimita 120. Hizo sentimita 60 za ziada ndiyo nusu mita yako na kidogo.

Kushusha zumu kwa ajili ya mazigazi umefanya sawa, saa sita huko kwetu ukiwa 25 unaangalia maji yanayochemka. Weka alama ya rangi au kipande cha tepu kwenye pete ya zumu pale penye 12.5 kamili, siyo "hivi", halafu ukiwa hapo tumia nusu ya alama. Vinginevyo baki 25 kila unapolenga pembeni. Tareti haiathiriki na zumu, kliki ni kliki kokote, kwa hiyo unaweza pia kuzungusha upepo badala ya kulenga pembeni kama huna haraka. Siku ukiuza hiyo ununue FFP, retikali inakua na kupungua pamoja na picha, mili ni mili popote. Ubaya wake ukiwa 5 mistari inakuwa nyembamba huioni vizuri, na ukifika 25 inanenepa, mstari wa 0.03 mili kwa mita 800 unafunika sentimita 2.4, wengi wetu hiyo haituumizi.

SWALI: Mzee, kuna muuzaji ana skopu yenye alama za 300, 400, 500 mpaka 800 tayari, anasema sihitaji hesabu. Nipo Kapchorwa. Ninunue? – Kijana wa mlimani

JIBU: Usinunue kwa mashindano. Zile alama zimepangwa kwa risasi moja, kasi moja, na hewa ya mahali fulani, mara nyingi hewa ya usawa wa bahari au karibu yake. Nchi yetu hii Ziwa Nalubaale lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, hapo hujapanda mlima bado, na wewe uko Kapchorwa! Hewa huko ni nyepesi, haiishiki risasi sana, risasi inashuka kidogo kuliko alama zinavyodhani, kwa hiyo ukilenga na ile alama ya 800 utapita juu ya shabaha. Kwa mita 300 hutaona tofauti ya maana, ndiyo maana muuzaji akikuonyesha kwa karibu kila kitu kinakubali.

Chukua ya mili ya kawaida hata kama ni ya bei ya chini, utengeneze jedwali lako mwenyewe kwa hewa ya kwenu. Ukiifunga, ning'iniza uzi wenye jiwe umbali wa mita 100 usawazishe msalaba na uzi, kisha bandika karatasi ndefu, piga risasi tatu kwenye nukta ya chini, panda mili 10 kwa tareti, piga tatu tena ukilenga nukta ile ile. Pima kwa tepu kutoka kundi la chini mpaka la juu, inatakiwa sentimita 100. Ukipata 97, skopu yako inapungukiwa asilimia 3, andika hivyo ndani ya kifuniko cha boksi, na kila namba ya jedwali uigawanye kwa 0.97 kabla hujazungusha.